Msingoje Mahafali

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo? Ndugu zetu wa Kongo, jambo sana. Salamu nyingine mwenyekiti ameshazitoa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lile ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu hadi mmelichoka: kuwatembelea watoto wetu vyuoni huku Marekani.

Vuli imefika. Kila mzazi humu ndani mwenye mtoto chuoni, awe Ohio, awe Minnesota, awe Texas, amepata au atapata barua pepe ya kumwalika kwenye Wikendi ya Familia. Vyuo vingi vya Marekani hutenga Ijumaa hadi Jumapili moja, kati ya Septemba na Novemba, vikafungua mabweni, madarasa na kumbi za chakula, vikawaita wazazi waje waone watoto wao wanavyoishi. Naomba wanyooshe mikono waliokwenda mwaka jana.

Haya, nimeona. Ukumbi mzima huu, mikono mitatu.

Na walioanza kuweka pesa ya sherehe ya mahafali? Ona! Hata wenye watoto wa mwaka wa kwanza.

Hapo ndipo ugomvi wangu nanyi ulipo. Sisi ni watu wa mahafali. Tunashona sare, tunakodi ukumbi, tunachangishana, shangazi anahangaikia viza miezi sita ili awahi kupiga vigelegele. Lakini kati ya Agosti ile tuliyomshusha mtoto bwenini na mashuka mapya, na siku ya joho, ipo miaka minne, na katika miaka hiyo wengi wetu hatukanyagi pale. Tunapiga simu Jumapili. Tunatuma pesa. Basi.

Na msiniambie huo ndio utamaduni wetu. Nani humu alisoma bweni nyumbani asiyeijua siku ya wazazi? Mama aliamka saa kumi usiku. Chapati zikasukumwa, kuku akakaangwa, hotipoti ikafungwa kwa kanga isifunguke njiani, akapanda basi la kwanza, na lile basi lilikuwa na akina mama wengine watupu, kila mmoja na hotipoti yake mapajani. Alipofika hakukuuliza unaendeleaje. Alikushika mkono akakutazama kucha. Akakutazama shingo. Akatazama viatu kama soli ipo. Akajua umekonda kabla hujafungua mdomo. Baba akaenda kwa mwalimu wa darasa, akarudi na ripoti imekunjwa mfukoni, na wewe ukashindwa kumeza kuku kwa sababu hukujua atasema nini. Na mnamkumbuka yule mwenzenu ambaye mzazi wake hakuja. Alijifungia darasani akijifanya anasoma, hadi mama wa mtu mwingine alipomfuata na sahani.

Utamaduni wetu ni huo. Kilichotupotosha ni kwamba nyumbani, mtoto akishafika chuo kikuu, mambo hayo yanakoma. Mlimani, Nairobi, Makerere, Lubumbashi, ukishapata bumu lako, ile pesa ya kujikimu ya mwanafunzi, wewe ni mtu mzima, mzazi atakuona siku ya mahafali. Desturi hiyo ndiyo tumeibeba hadi huku, ambako chuo chenyewe kinakuandikia, kinakutengea siku, kinakupa ramani ya mahali pa kuegesha gari. Na sisi tunaifuta hiyo barua pamoja na matangazo ya bima.

Sasa nitaeleza kwa nini siku hiyo ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Kila mwaka hapa ninasikia malalamiko yale yale: nimepiga simu chuoni niulize matokeo ya mwanangu, wakakataa, na ada nalipa mimi! Wazazi, hawakukudharau. Kuna sheria ya mwaka 1974, wenyewe wanaiita FERPA. Kwa sheria hiyo, mtoto akishatimiza miaka 18, au akiingia chuo hata kabla ya umri huo, haki ya kumbukumbu zake za masomo inatoka kwako inahamia kwake. Matokeo ni yake, mahudhurio ni yake. Iko milango michache: akikuandikia idhini chuo kinaweza kukwambia, kama unamtaja kwenye kodi yako kama mtegemezi, chuo kinaruhusiwa kukwambia, ingawa hakilazimiki, na ikitokea hatari ya maisha wanaweza kukutafuta. Zaidi ya hapo, ripoti ile ya kukunja mfukoni haipo. Huku unachoweza kukijua ni kile ambacho mtoto atakwambia, au kile utakachokiona kwa macho yako mwenyewe.

Kwa macho yako mwenyewe. Nitawasimulia habari ya mama mmoja wa hapa hapa, ameniruhusu ila nisimtaje jina.

Huyu mama anatunza wazee, zamu ya usiku. Binti yake wa kwanza alikuwa mwaka wa kwanza, akitaka uuguzi. Kila Jumapili anampigia. Uko salama? Niko salama, mama. Unakula? Nakula. Masomo? Yanaenda. Hivyo hivyo wiki baada ya wiki. Ikaja barua ya Wikendi ya Familia, binti mwenyewe akasema, mama usijisumbue, wanakuja Wazungu tu na mechi yao. Mama akabadilishana zamu na mwenzake, akapika chapati na maharage ya nazi, akaenda.

Akakaribishwa chumbani. Chumba kisafi. Msichana wa Kimarekani anayelala kitanda cha pili akala chapati akaomba nyingine. Kila kitu shwari. Mama akawa anapanga vitu mezani, kama mnavyojua mama hawezi kukaa mikono mitupu kwenye chumba cha mwanawe. Akashika kitabu kikubwa, kizito. Bado kimo ndani ya nailoni yake ya dukani. Na ni katikati ya Oktoba.

"Hiki cha somo gani?"

"Kemia."

"Mbona hujakifungua?"

Binti akanyamaza. Yule mwenzake akachukua koti akatoka, mtoto wa watu ana akili. Ndipo likatoka. Alifeli jaribio la kwanza, akafeli la pili, akaona aibu, akaacha kuingia darasani. Wiki nzima anaamka, anavaa, anakwenda kukaa maktaba ghorofa ya juu mpaka kipindi kiishe. Na Jumapili anasema masomo yanaenda, kwa sababu anamjua mama yake analala saa nne kwa siku ili ada itoke.

Yule mama hakupiga kelele. Alimwambia nawa uso, tule kwanza. Mchana kulikuwa na meza za ofisi mbalimbali uwanjani, ndiyo kawaida ya wikendi hizo, na moja ilikuwa ya washauri wa masomo. Wakaenda wote wawili. Mshauri akamwambia mama kwa adabu kwamba hawezi kuzungumzia alama za mwanafunzi mbele yake. Binti akasema, mama yangu ninamruhusu. Akatia saini. Wakakaa watatu.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapoumia. Tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo ilikuwa imebakiza siku chache. Ikipita, ni F. F inashusha wastani, na vyuo vingi vinataka wastani wa 2.0 kati ya 4.0 na mwanafunzi afaulu kama theluthi mbili ya krediti, yaani vile vipimo vya uzito wa masomo, alizojiandikisha, la sivyo msaada wa fedha wa serikali unaweza kusimamishwa. Binti alikuwa na krediti 16. Kemia ilikuwa 4. Akiitoa zinabaki 12, na 12 ndiyo kiwango cha chini cha kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote. Angekuwa na 15 angeshuka chini ya mstari, hapo ingebidi kufikiri upya. Akajiondoa, ikaandikwa W, alama ya aliyejiondoa. Kemia akaichukua kiangazi, chuo cha jamii cha karibu na nyumbani, kwa bei nafuu zaidi, baada ya kuuliza mapema kama krediti zitapokelewa. Uuguzi anaendelea nao hadi leo.

Najua kuna anayesema moyoni, si angemwambia tu kwa simu? Hakumwambia! Na hakuwa mtoto mwongo. Kwenye simu mtoto anachagua sauti, na kwenye video anachagua ukuta utakaoonekana nyuma yake. Kile kitabu kisingeonekana. Kingine: hata angemwambia, mama angepiga simu wapi? Sheria imeshafunga. Mlango ulifunguka kwa sababu walikuwa wamesimama pamoja.

Mwingine anasema, mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ndugu yangu, hakuna anayekupa jukwaa. Utakula, utatembea, utamsikiliza mwanao. Watoto wetu wametutafsiria hospitalini na benki tangu wana miaka tisa, watashindwa kututambulisha kwa mshauri?

Mwingine, gharama. Hili ni la kweli na silipuuzi. Kwenye miji midogo hoteli hupanda bei wikendi hiyo, hasa chuo kikiwa na mechi ya futiboli ya Kimarekani nyumbani. Lakini nani kakwambia ulale? Nenda Jumamosi asubuhi, rudi jioni. Tiketi ya mechi si lazima. Kifungua kinywa na mkuu wa kitivo, kama ni cha kulipia, kiache. Kutembea kampasi ni bure, na mara nyingi hata darasa la mfano na zile meza za ofisi huwa bure. Na kama chuo kiko mbali hata kwa basi, omba siku yako mwenyewe mwezi mwingine. Chuo hakifungi mlango kwa sababu wikendi imepita. Ila ukipishana na hiyo, unapishana na wiki zile ambazo bado kuna la kurekebisha. Ndiyo sababu nasisitiza vuli, sisemi Aprili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka nizungumzie lile jarida la habari ambalo ofisi za wazazi za vyuo vingi hutuma mara kwa mara, nitalipitia haraka. Lisomeni. Kama ni refu, liwekeni kwenye programu ya kutafsiri ya simu, Kiswahili kimo. Mkitafuta tarehe tu zinatosha: ya kujiondoa kwenye somo, ya kujiandikisha muhula ujao, ya kulipa, na ya kufungwa mabweni likizo ya Desemba. Kuna watoto wetu waliolala kwenye viti vya uwanja wa ndege kwa sababu hakuna aliyejua bweni linafungwa.

Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, ni ya kila mwaka. Kila mwaka! Si ya mwaka wa kwanza peke yake, na mzazi naye huhitajika kuingia na kutoa idhini yake ya taarifa za kodi.

Usalama. Mwaka 1986 msichana aitwaye Jeanne Clery aliuawa bwenini mwake, Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walipogundua ni uhalifu kiasi gani uliokuwa umetokea pale bila wao kuambiwa, hawakunyamaza, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ambayo baadaye, mwaka 1998, ilipewa jina la binti yao. Kwa sheria hiyo, kila mwaka kufikia tarehe 1 Oktoba chuo lazima kitangaze ripoti ya uhalifu ya miaka mitatu iliyopita. Iko wazi, unaisoma bila idhini ya mtoto wala ya mtu yeyote. Wazazi wa watu waliipata kwa machozi, na sisi hatuifungui.

Bima ya afya, anaweza kubaki kwenye yako hadi atimize miaka 26. Na namba 988, mwekeeni kwenye simu, ni ya mtu aliyelemewa moyoni, usiku na mchana. Hilo la afya ya akili lilistahili mkutano wake, na nitaliomba kwa kamati.

Kabla ya maswali, toeni simu. Sasa hivi, nasubiri. Fungueni barua pepe, andikeni jina la chuo cha mwanenu kwenye kutafuta, halafu "family". Ukiipata, mwandikie mtoto ujumbe mmoja tu: nakuja tarehe fulani. Usiulize kama atakuja kukupokea au la, atakupokea. Akina baba, na nyinyi pia, msimwachie mama peke yake.

Pale mlangoni nimeweka karatasi mbili. Moja ni ya wenye nafasi kwenye gari na wanakoelekea, nyingine ni ya wanaotafuta usafiri. Wenye watoto chuo kimoja wajiandike pamoja. Na yule ambaye zamu yake haiwezi kubadilika kabisa, aandike jina la mtoto na bweni lake. Atakayekwenda atambebea hotipoti, na akifika atamtazama kucha.

Haya, maswali.