Aoife binti Diarmait: nasaba iliyopita kwa wanawake

Habari za jioni, wazee wangu, kina mama, na vijana mliojitokeza.

Naomba nianze na picha. Katika jumba la taifa la sanaa mjini Dublin upo mchoro unaojaza karibu ukuta mzima. Upana wake unazidi mita tano. Aliuchora Daniel Maclise mwaka 1854. Ni picha ya harusi, lakini ukiitupia jicho mara ya kwanza utadhani ni matanga. Maiti wametapakaa mbele, wanawake wanaomboleza, na mpiga kinubi mzee ameinama, nyuzi za kinubi chake zimekatika. Katikati bwana harusi, mwili wote chuma, ameukanyaga msalaba wa mawe ulioanguka. Ubavuni mwake amesimama binti aliyeinamisha macho.

Binti huyo ndiye niliyekuja kumzungumzia. Anaitwa Aoife, hutamkwa Ifa. Harusi yake ilifungwa Waterford mwezi Agosti mwaka 1170, siku chache tu baada ya mji ule kutekwa. Vitabu vingi humpa sentensi moja: baba yake alimwoza kwa mpiganaji wa Kinormani, yaani wa watu wa asili ya Normandy, Ufaransa, waliokuwa wakitawala Uingereza. Baada ya hapo wanaume wanaendelea na mambo yao na yeye haonekani tena. Mimi nasema tukimfuata yeye, badala ya wanaume waliomzunguka, tutaielewa Ayalandi ya zama zile vizuri zaidi.

Tuanze na majina, maana Waayalandi wa kale walikuwa na utaratibu ambao nyinyi hauwapi shida hata kidogo. *Mac* ni bin. *Ua*, ambayo baadaye ikawa O, ni mjukuu. Na *ingen* ni binti. Kwa hiyo Aoife ni binti Diarmait, bin Donnchad, bin Murchad, bin Diarmait mwingine aliyekuwa mfalme wa Leinster, jimbo la kusini-mashariki mwa Ayalandi, na kufariki mwaka 1072. Ni kutokana na huyo Murchad ukoo ukajiita Mac Murchada. Hao ndio kuumeni kwake, na wameandikwa vizuri. Chuo cha Trinity, Dublin, kinahifadhi sehemu kubwa ya Kitabu cha Leinster, hati ya karne ya 12 iliyojaa nasaba: fulani bin fulani bin fulani, ukurasa baada ya ukurasa.

Wanawake je? Kwao ilitungwa kazi ya pekee inayoitwa Banshenchas, yaani habari za wanawake. Mwaka 1147 Gilla Mo Dutu Ua Caiside aliitunga kwa mashairi, akiwataja wake na mama wa watu wakubwa tangu Hawa. Hata humo, mwanamke anaingia kwa sababu alizaa mfalme au aliolewa na mfalme. Lakini walau jina lipo, na ukilikamata jina unaweza kuanza kuuliza.

Basi tuulize: mama yake Aoife ni nani? Ni Mór, binti Muirchertach Ua Tuathail, wa ukoo uliotawala upande wa Kildare karibu na milima ya Wicklow. Mór alikuwa na ndugu aitwaye Lorcán. Hapa ndipo lugha yetu inanisaidia, kwa sababu kwa Kiingereza Lorcán angekuwa mjomba au baba mdogo kwa neno lilelile moja. Sisi tunajua mara moja: huyu ni mjomba wake Aoife. Na mjomba huyu si mtu mdogo. Mwaka 1162 alifanywa Askofu Mkuu wa Dublin, alifariki Normandy mwaka 1180, na mwaka 1225 Papa Honorius III alimtangaza mtakatifu.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa sana. Habari za maisha yake zinasema kwamba Lorcán alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, baba yake alimtoa kama rehani kwa Diarmait Mac Murchada, yuleyule atakayekuja kuwa shemeji yake. Diarmait alimweka mahali pakame pa mawe, na mtoto akadhoofika kwa njaa, mpaka baba yake alipowakamata askari kumi na wawili wa Diarmait na kutishia kuwaua. Ndipo kijana akaachiwa, akakabidhiwa kwa askofu wa Glendalough. Baadaye dada wa mtoto yule akawa mke wa mtesaji wake. Aoife alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na kumbukumbu hiyo.

Mwaka 1166 Diarmait alifukuzwa Ayalandi. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ni kisasi cha Tigernán Ua Ruairc, ambaye Diarmait alimchukulia mke wake Derbforgaill mwaka 1152. Pembezoni mwa Kitabu cha Leinster kuna mtu aliyeandika habari hiyo kwa uchungu: Diarmait, mfalme wa Leinster, amevushwa bahari na watu wa Ayalandi. Kisha akaongeza: ole, ole, Ee Bwana, nitafanya nini? Mimi naamini mwandishi yule aliona ulimwengu wake unaanguka.

Diarmait alivuka hadi Bristol, akaenda mpaka Aquitaine, Ufaransa, kumwona Mfalme Henry II wa Uingereza, akapata ruhusa ya kukusanya wapiganaji. Mkubwa kati yao alikuwa Richard de Clare, bwana wa ngome ya Striguil mpakani mwa Wales, ambaye watu walikuja kumwita Strongbow. Makubaliano yakawa haya: njoo unirudishie nchi yangu, nami nitakupa binti yangu, na nikifa ufalme ni wako.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu mzizi wa fitina ni huu. Kwa sheria ya Waayalandi Diarmait hakuwa na uwezo wa kutoa ahadi hiyo. Ufalme ulikuwa mali ya *derbfine*, yaani wanaume wote wa kuumeni waliotokana na baba mkuu mmoja, na mrithi alichaguliwa miongoni mwao. Binti hakuurithi, mkwe ndiyo kabisa. Na wanaume walikuwepo: Diarmait alikuwa na wana. Énna alipofushwa mwaka 1168. Conchobar, aliyekuwa mateka wa Mfalme Mkuu wa Ayalandi, Ruaidrí Ua Conchobair, aliuawa mwaka 1170 wakati baba yake akiendelea na vita. Domnall Caemánach alibaki hai. Kwa sheria ya Wanormani, kwa upande mwingine, binti aliyekosa kaka halali alibeba ardhi yote hadi nyumbani kwa mumewe, na Waayalandi waliooa zaidi ya mara moja walihesabiwa na wageni wale kana kwamba watoto wao wa kiume hawapo. Familia ilikuwa moja, nasaba moja, lakini mkiisoma kwa sheria hii mrithi ni Domnall, mkiisoma kwa ile mrithi ni Aoife. Watu walikufa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Septemba mwaka huohuo Strongbow na Diarmait walifika Dublin. Aliyetoka kuzungumza nao kwa niaba ya mji alikuwa Askofu Mkuu Lorcán. Wakati mjomba akiwa bado kwenye mazungumzo na mume wa mpwa wake, wapiganaji wa Kinormani walivunja wakaingia na kuua. Mei iliyofuata Diarmait alifariki huko Ferns.

Ndoa ya Aoife ilidumu chini ya miaka sita. Strongbow alifariki Dublin mwaka 1176. Dada yake Basilia, shangazi wa watoto wa Aoife, aliificha habari hiyo kwa adui kwa namna ya ajabu. Gerald wa Wales, mwandishi wa zama zilezile, anasimulia kwamba alimpelekea mumewe barua kusema: lile jino langu kubwa lililokuwa likiniuma limeng'oka. Mume akaelewa. Mazishi yakaongozwa na Lorcán.

Aoife alibaki na watoto wawili, Gilbert na Isabel. Gilbert alikufa angali kijana. Isabel akawa mrithi wa Leinster yote pamoja na ardhi za Wales na Uingereza, na mwaka 1189 aliozwa kwa William Marshal, askari maarufu aliyekuwa na zaidi ya miaka arobaini, mtoto wa nne asiye na ardhi ya kutosha.

Marshal mwenyewe alijua alichopewa. Mwaka 1207, alipoitwa na Mfalme John arudi Uingereza, aliwakusanya mabwana wa Leinster, akamshika Isabel mkono, naye ana mimba, akawaambia: huyu ndiye bibi yenu, binti wa yule aliyewapa ardhi zenu, mimi hapa sina kitu ila kwa ajili yake. Maneno haya yamo katika shairi refu la Kifaransa la maisha ya Marshal. Ningependa kila mtu anayeandika historia ya William Marshal aanze na ukurasa huo.

Isabel na Marshal walizaa wana watano na mabinti watano. Watano wale wa kiume walishika urithi mmoja baada ya mwingine: William alifariki 1231, Richard 1234, Gilbert 1241, Walter na Anselm wote mwishoni mwa 1245, wakipishana kwa wiki chache. Hakuna aliyeacha mtoto halali. Watu walisema ni laana ya askofu wa Ferns, ambaye Marshal alimnyang'anya mashamba. Basi mwaka 1247 Leinster iligawanywa mafungu matano kwa mabinti: Carlow kwa Matilda, ambaye peke yake alikuwa bado hai, kisha Kilkenny, Wexford, Kildare na Leix kwa watoto wa dada zake Isabel, Joan, Sibyl na Eva. Sibyl alikuwa na mabinti saba, kwa hiyo fungu la Kildare likakatwa tena mara saba.

Jina Eva limewapita? Ndivyo Wanormani walivyoliandika Aoife. Isabel alimpa binti yake jina la mama yake.

Tumfuate sasa Isabel Marshal. Binti yake, Isabel mwingine, aliolewa na Robert Bruce wa Annandale. Mjukuu wa ndoa hiyo ni Robert I, mfalme wa Uskoti. Hesabuni: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, halafu Mfalme Robert, kining'ina cha Aoife. Ndugu yake Edward Bruce alivuka kwenda Ayalandi mwaka 1315 kutaka ufalme, na mwaka 1317 Domnall Ua Néill, mfalme wa Kiayalandi wa kaskazini, alimwandikia Papa kwamba Edward ametokana na mababu bora wa Waayalandi. Mababu, aliandika. Njia yenyewe ilikuwa ya mabibi, na ile ya Leinster ilipitia Isabel watatu na Aoife. Edward aliuawa Faughart mwaka 1318.

Na Eva? Binti yake Matilda aliolewa katika ukoo wa Mortimer. Mwaka 1398 mzao wao Roger Mortimer, Earl wa March, aliuawa Kellistown, wilaya ya Carlow, na Waayalandi wa Leinster. Mfalme wa Waayalandi hao wakati ule alikuwa Art Mac Murchadha Caomhánach, mzao wa Domnall Caemánach, kaka yake Aoife. Inasemekana Roger alikuwa amevaa nguo za Kiayalandi, wakamuua bila kumtambua.

Aliacha wana wawili, Edmund na Roger, na wote wawili walikufa bila watoto. Aliacha pia binti aitwaye Anne. Mjukuu wa Anne ni Edward IV, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza mwaka 1461.