Mshikamano Uliozaliwa na Rula

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukadiria uwezo wa mwamba wenye nyufa kustahimili kuteleza, na wanaonifahamu wameshakisia kwamba nitaanza na mshikamano, yaani nguvu ya kushikana ambayo ufa ungekuwa nayo hata bila mzigo wowote kuubana. Hamkukosea.

Hapa mezani nina vipande viwili vya graniti, vilivyotoka pande mbili za ufa mmoja, na meno ya kimoja yanaingia barabara katika mapengo ya mwenzake. Nakiinua cha juu kwa vidole viwili, nacho kinakuja bila ubishi. Ripoti ikiniambia kwamba ufa kama huu una mshikamano wa megapaskali 0.27 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo), nina haki ya kuuliza: uko wapi?

Chukueni kanuni ya Barton, inayokadiria ufa utastahimili kiasi gani kabla ya kuteleza; ukwaruzo, yaani kipimo cha meno ya ufa, uwe 8, nguvu ya kuta za ufa megapaskali 100, na pembe ya msuguano uliosalia, yaani ule unaobaki meno yakishasagika, digrii 28. Chini ya mgandamizo wa megapaskali 10 unaozibana kuta zake, ufa unastahimili 7.27, chini ya 1, unastahimili 0.97. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula kwenye mchoro, nayo rula itakata mhimili wa wima, pale mgandamizo ulipo sifuri, kwenye 0.27. Huo ndio mshikamano wetu! Lakini ufa uliolala mita 4 hivi chini ya ardhi hubeba megapaskali 0.1 tu, na hapo kanuni inatoa 0.13 ilhali mstari unatoa 0.34, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Ukweli ni kwamba mstari halisi kwenye mchoro umepinda, kwa sababu chini ya mzigo mwepesi kipande cha juu huyapanda meno, kama mtafiti Patton alivyoonyesha mwaka 1966, na mzigo ukizidi huyavunja.

Mtaniambia zipo nyufa zilizogandishwa na madini ya kalsaiti, au zilizokatizwa na sehemu za mwamba usiopasuka. Sikatai, basi upimeni mshikamano huo, msiuokote kwenye mchoro.

Muda umenitupa mkono. Kuhusu ukubwa, itoshe kusema kwamba ukwaruzo uliosomwa kwenye sampuli ya sentimita 10 sharti upunguzwe kabla ya kuutumia kwenye bonge la mita kadhaa. Kuhusu maji, ambayo hupunguza mgandamizo ndani ya ufa, someni habari za bwawa la Malpasset, Ufaransa, lililovunjika tarehe 2 Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400.

Vipande nitaviacha hapa mezani. Asiyeniamini na aje avitenganishe mwenyewe.