Mtungi Unaopumua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha.

Makumbusho ya chakula yana taabu moja: chakula hakikai, hubaki vyombo vyake. Pale Seoul, Korea Kusini, mtaa wa Insadong, lipo jumba la kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, lililoanza mwaka 1986, likahamia hapo 2015. Majungu ya chuma, mawe ya kusagia, vijiko vya shaba, vyote Wakorea wanavyo. Mimi leo nina kimoja tu: onggi, mtungi wao.

Kwa sura si kitu. Kahawia, tumbo kubwa, nakshi yake michirizi ya vidole vya mfinyanzi. Siri iko kwenye udongo wenye chembe za mchanga. Ukichomwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,000, hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa hupita, mchuzi haumwagiki. Wakorea husema mtungi unapumua. Mara nyingine chumvi huchomoza nje kama jasho lililokauka, na mama mwenye nyumba huupangusa kwa kitambaa, pumzi isizibe.

Ndani mna nini? Soya huchemshwa, hupondwa, hufinyangwa kama matofali, kisha hufungwa kwa mabua ya mpunga na kuning'inizwa. Vijidudu vya kwenye mabua hufanya kazi yao (harufu yake, jamani, tuiache). Baadaye matofali huzamishwa mtungini kwa maji ya chumvi, pamoja na vipande vya mkaa na pilipili kavu. Baada ya wiki kadhaa maji hutengwa yawe mchuzi wa soya, na mashapo huwa rojo la kuungia supu. Maarifa hayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2024. Desturi ya kutengeneza kimchi kwa pamoja kwa ajili ya majira ya baridi ilitangulia, 2013.

Mitungi hupangwa uani penye jua. Wa kimchi hufukiwa ardhini hadi shingoni, usigande. Wakazi wa maghorofa hawana ua, na tangu miaka ya 1990 wananunua jokofu maalumu la kimchi.

Naam, bibi wa mbele, nimeona unaitazama picha ya mtungi. Ile karatasi nyeupe juu yake ni umbo la soksi, imebandikwa kichwa chini makusudi. Wengine husema hunasa pepo wachafuzi wa mchuzi. Wengine, weupe wake hufukuza wadudu. Mimi niko upande wa wadudu, lakini mtungi ungekuwa wangu, ningeibandika tu.