Mwili Hauzoei Dawa

Asanteni. Mwenyekiti kanipa dakika 20, na nusu yake nitaimalizia kwenye neno moja: kuzoea. "Daktari, mwili wangu umeshaizoea hii dawa, nipe kali zaidi." Nasema antibiotiki, dawa za kuua bakteria: mwili haujazoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria, na mara nyingi wala hakuhangaika: kapewa.

Kapewa na nani? Na jirani yake. Pembeni mwa kromosomu, bakteria anaweza kubeba kiduara cha DNA, plasmidi. Huinakili akamgawia mwenzake aliyegusana naye, hata kama si wa jamii moja. Klebsiella huipata kwa E. coli, wote bakteria wa matumboni. Wajapani waliliona hilo kwa bakteria wa kuhara damu miaka ya 1950: ukimchanganya sugu na asiye sugu, usugu wa dawa kadhaa unahama kwa mkupuo. Kwa mkupuo, jamani! Ndiyo maana mtu asiyewahi kuchomwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, damu yake inaoteshwa maabara kutafuta bakteria, na majibu yanarudi "sugu".

Sasa kisa cha Bethesda. Nakisimulia kila mwaka na leo hamponi. Juni 2011, hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani inampokea mama mwenye Klebsiella iliyobeba jeni ya KPC, inayotengeneza kimeng'enya cha kukatakata hata karbapenemu, antibiotiki zetu za akiba. Wakamtenga, gauni, glavu, kila kitu. Katikati ya Julai akaruhusiwa, watu wakashusha pumzi. Wiki 3 baadaye, mgonjwa wa pili. Kisha wa tatu. Waliofikwa wakawa 18. Wakafa 11, na vifo 6 vilitokana na bakteria huyo. DNA ya vimelea ikasomwa herufi kwa herufi: ukoo uleule wa yule mama. Bakteria alikuwa amejificha matumboni mwa watu wasio na dalili, kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa, na kwenye matundu ya masinki. Masinki!

Najua kuna anayenung'unika, hiyo ni Marekani, sisi hata maji yanakatika. Basi ndiyo vibaya zaidi. Juzi nimemkuta mtu wodini anamwaga mkojo wa katheta, ule mpira wa mkojo, kwenye sinki la kunawia mikono. Nikamwangalia. Akasema, "Si natia jiki?"

Na msiniambie jeni za usugu tumezileta sisi kwa kunywa dawa ovyo. Zimekutwa kwenye udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye miaka 30,000. Dawa haiumbi jeni. Inaua wasio nayo, aliye nayo anabaki na uwanja mtupu.

MRSA, yaani stafilokoki sugu, na jeni yake ya mecA nilitaka... naona Mwenyekiti anagusa saa. Kwa kifupi, kwa jeni hiyo huyo haikati dawa. Kabadilisha kitasa, ufunguo wetu hauingii. Pampu ambazo bakteria hutapikia dawa nje, someni wenyewe.

Maswali? Atakayeniuliza dawa kali zaidi ni ipi, namrudisha mwanzo.