Mlima Mmoja, Mvua Mbili

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuivumilia foleni ya jioni na kufika.

Ukisafiri kutoka hapa Nairobi kwenda Mombasa, kabla ya Voi tazama mkono wa kulia. Nyika inachomwa na jua, miti ni ya miiba, lakini vilele vya Taita vimevaa wingu. Hiyo ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoshuka kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Watu huidhani ni ndugu za Kilimanjaro. La. Kilimanjaro ni volkano, ni mtoto. Hii ni miamba mikongwe iliyoinuliwa vipande vipande kwenye nyufa za ardhi, ndiyo maana inasimama wima ghafla: nyika ya Taita iko mita 600 hadi 700 hivi juu ya bahari, kilele cha Vuria ni mita 2,208.

Ukuta kama huo ukipigwa na upepo wa bahari, hewa haina budi kupanda. Mabaharia wetu wana maneno yanayotutosha: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Tuchukue hewa ya pwani yenye nyuzi 28, ambayo kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone, ni nyuzi 24. Hewa isiyo na wingu hupoa nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, na kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto na umande hulipandisha wingu kama mita 125. Tofauti hapa ni 4, basi wingu litaanzia mita 500, joto likiwa 23. Kuanzia hapo mvuke unapogeuka matone hurudisha joto, kwa hiyo hewa hupoa polepole, kama nyuzi 5 kwa mita 1,000. Kwenye kilele cha mita 1,500 tuna nyuzi 18, na maji yameshamwagwa joshini. Sasa hewa iteremke demani. Haina tena matone, inapata joto nyuzi 10 kwa mita 1,000, na ikifika mita 500 ina nyuzi 28. Kimo kilekile, upande wa pili kulikuwa na 23! Unyevu wake umeshuka hadi kama asilimia 60, na hewa ya namna hiyo haileti mvua, inakausha nguo.

Naivasha, iliyo demani mwa milima ya Nyandarua, ni hesabu hiyohiyo, tena karibu na nyumbani.

Usambara Mashariki iko kilomita 40 hivi tu kutoka baharini. Amani, kwenye mita 900 na kitu, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Huko kuna chai, na iliki chini ya miti mikubwa. Shuka uende Korogwe na Mombo, unakuta mkonge. Mkulima hahitaji ramani ya mvua, anasoma kilichopandwa.

Upepo wa kusi hutawala katikati ya mwaka, ule wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Miezi ya kusi mvua kubwa huwa imepita, lakini ukungu hubaki ukigusa msitu. Jani, tawi na kuvumwani, ule utando unaoota kwenye magome, huunasa, matone yanadondoka mizizini. Ukikata msitu, ukungu unapita juu ya shamba bila kuacha kitu. Kupanda mikaratusi kando ya chemchemi ni kosa la pili, na mimi naliona baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema: mti huo hunywa palepale.

Maji hayo ya matone hayamo kwenye takwimu, maana kipimamvua hukaa uwanjani. Na hapo ndipo makosa huzaliwa. Kiweke mbali na mti au nyumba angalau mara 2 ya kimo cha mti au nyumba hiyo, mdomo sentimita 30 hivi juu ya ardhi, ukisome saa tatu asubuhi kila siku. Ukikiweka ukingoni mwa kilele, upepo unapeperusha matone na utaandika pungufu. Kosa kubwa kuliko yote ni kupima joshini halafu kupangia maji watu wa demani.

Tazama paa la mita 8 kwa 6. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, milimita 1,900 hukupa kama lita 73,000 kwa mwaka, milimita 500 lita 19,200. Wengi humnunulia mtu wa demani tangi dogo kwa kuwa mvua yake ni haba. Ni kinyume chake. Wa joshini hujaziwa mara kwa mara, lita 5,000 zinaweza kumtosha. Wa demani hupata yote masika na vuli, kisha anakaa miezi akingoja. Akitumia lita 50 kwa siku, siku 120 za ukame ni lita 6,000, na tangi hilo lazima liwe limejaa siku mvua inapokatika.