Beetle Inamisi Baada ya Kufunga Injini Upya: Kabureta Iguse Mwisho

Karibuni tena, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote, sikilizeni. Mmesikia? Inashika, inaachia, inashika, halafu bampa ya nyuma inatetemeka. Hii ni Volkswagen Beetle, injini 1600, ile ambayo kila hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, ina matundu mawili ya kuingizia hewa. Imefunguliwa yote na kufungwa upya: pistoni mpya, ringi mpya, vali zimesagwa. Na inamisi, yaani silinda haziwaki sawasawa.

Najua mkono wako unataka kwenda wapi. Unataka kuchukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Iweke chini. Kabureta tutaigusa mwisho kabisa, baada ya tapeti (nafasi ya vali), pointi (swichi ya cheche ndani ya distributa), taimingi (wakati wa cheche kutoka) na kuvuja kwa hewa. Ukianza na kabureta utaongeza petroli mpaka injini itulie kidogo, utadhani umepona, kumbe umeufunika ugonjwa tu.

Zima injini, iache ipoe. Ninaposema ipoe, sisemi saa moja. Kipimo cha tapeti za injini hii kinachukuliwa ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo mimi naiacha ilale, naanza asubuhi. Video nimeikata hapa, sasa ni siku ya pili.

Toa vifuniko vya vali pande zote mbili. Unasukuma ule waya wa kubana kwenda chini, kifuniko kinatoka. Weka kitu cha kukinga oili.

Sasa namba za silinda, maana wengi wanapotea hapa. Simama nyuma ya gari utazame mbele. Upande wa kulia, silinda ya mbali nawe ni namba 1, ya karibu na bampa ni namba 2. Kushoto, ya mbali ni 3, ya karibu ni 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, na rota, kidole kinachozunguka ndani ya distributa, inazunguka kama mshale wa saa. Waya mbili za plagi zikibadilishana tu, unapata mtikisiko kama huu huu. Zifuate kwa kidole moja moja, kutoka kwenye kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche, mpaka kwenye plagi. Zangu ziko sawa.

Zungusha puli mpaka alama iwe sambamba na ule mstari ambapo nusu mbili za injini zinakutana. Fungua kofia ya distributa utazame rota. Ukingoni mwa distributa pana mkwaruzo mdogo, huo ni wa namba 1. Rota ielekee hapo. Alama ya puli peke yake haitoshi! Inafika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi: mara moja namba 1 ikiwa imebana hewa, mara nyingine namba 3. Ukichukua ile ya namba 3, vali za namba 1 zitakuwa bado zimesukumwa, na kipimo chako chote ni uongo.

Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.15, vali zote, ya kuingiza na ya kutoa. Ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite kwa kulegea wala isikwame. Ukikaza nati, pima tena, kwa sababu nati ikikaza inaivuta skrubu nayo. Kama uliyejenga injini uliweka fimbo za kusukumia vali za chuma badala ya zile za alumini, fuata kipimo cha aliyezitengeneza. Namba 1 ikiisha, rudisha puli nyuma nusu mzunguko, kinyume cha saa, unaikuta namba 2. Nusu nyingine, 3. Nusu nyingine, 4. Napenda njia hii kuliko zote, unahesabu kama mtoto wa shule.

Namba 3, vali ya kutoa, ilikuwa imebana, fila haikuingia kabisa. Vali isiyofunga vizuri haipoi, na isiyopoa inaungua. Kwenye Beetle za zamani zaidi silinda hii ndiyo inayopata joto kuliko nyingine, kwa sababu kipoza oili kiko kwenye njia ya hewa yake. Basi hii nimeilegeza mpaka 0.15. Tatizo moja tumelipata.

Pointi. Nafasi yake milimita 0.4 pale kisigino cha pointi kinapokuwa juu ya pembe ya kemu, ule mhimili wa distributa unaozifungua. Paka grisi kidogo kwenye kemu, maana pointi mpya kisigino chake kinalika mapema na nafasi inapungua. Hebu subiri. Sogeza kamera karibu. Mnaona huu waya wa kondensa? Kichwa chake kinagusa sahani ya chuma. Sikuuona kwa macho, nimeuona kwenye skrini hapa. Injini ikitikisika unagusa, cheche inakufa. Naupinda hivi, naupitisha mbali na sahani. La pili hilo.

Taimingi inakuja baada ya pointi, kamwe isiwe kabla, kwa sababu ukibadilisha nafasi ya pointi umeshaisogeza taimingi pia. Distributa hii haina kopo la vakyumu, kwa hiyo naiweka kwa tochi ya taimingi nikiwa nimepandisha mwendo mpaka zaidi ya mizunguko 3,000 kwa dakika: digrii 28 hadi 32 kabla ya pistoni kufika kileleni. Nimeiacha kwenye 30. Kaza distributa, hamna zaidi.

Washa. Afadhali, lakini bado. Sikiliza silensa yake, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe.

Sasa jaribio ninalolipenda. Kwa koleo lenye mpira, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa kwenye silensa. Usiushike kwa mkono mtupu, na usiuache ukining'inia; ncha yake uigusishe kwenye chuma cha injini. Namba 4: injini imezama, imetaka kuzima. Nzuri, maana yake namba 4 inafanya kazi. Rudisha. Namba 3: imezama. Namba 1: mmh. Imeshuka kidogo tu. Namba 2: karibu hakuna tofauti.

Tulia hapa, ufikiri. Silinda mbili dhaifu, zote upande wa kulia. Ni nadra plagi mbili kufa kwa pamoja upande mmoja, na kompresheni nilipima zikalingana. Hizi mbili zinashirikiana kitu gani? Bomba moja la hewa. Manifodi, yaani bomba hilo, ya injini hii ina kipande cha katikati chenye kabureta, na kila upande kipande cha alumini, vyote vimeungwa kwa mpira wenye klipu mbili. Hewa ikiingia kwenye ule mpira wa kulia, namba 1 na 2 zinapata mchanganyiko mwepesi, wenye petroli kidogo, na za kushoto hazijali.

Chukua chupa ya kunyunyizia maji. Ndiyo, maji. Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta. Hiyo inawaka, na ekzosi ya moto iko hapo chini. Nyunyizia juu ya mpira: hakuna kitu. Kwenye gasketi ya manifodi pale hedini: hakuna. Chini ya mpira, upande usioonekana... sikia! Imebadilika! Rudia tena. Imetulia kidogo, halafu imerudi kutikisika.

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana. Injini ya kwanza niliyoifunga mwenyewe, nilihangaika na kabureta wiki tatu. Nilibadilisha jeti, nikabadilisha kabureta yenyewe. Tatizo lilikuwa mdomo wa mpira umejikunja chini, mahali ambapo jicho halifiki. Nilikaza klipu kabla ya nati zinazoshika manifodi kwenye hedi, na kipande kilipovutwa kwenye hedi kikauburuta mpira. Kwa juu ulionekana umekaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Legeza klipu zote. Mpira uwe umevaa pande zote mbili sawasawa, klipu zikae huru. Kaza nati za manifodi kwenye hedi kwanza. Halafu kipande cha katikati. Klipu ni za mwisho. Za mwisho! Kabla hujazikaza, pitisha kidole chini ya mpira, uzungushe mpaka ukutane na ulipoanzia. Kidole kikipata mkunjo, vua uanze upya. Usijiambie kwamba klipu itaunyoosha, haiunyooshi. Wangu huu hapa, tazama, umejikunja na tayari una mpasuko. Naweka mpya. Kidole chini. Laini, laini, laini, laini. Kaza.

Sasa ruhusa, shika bisibisi. Injini iwe ya moto, choki iwe wazi yote. Kabureta hii ni Solex 34 PICT-3, ina skrubu mbili ubavuni. Ndogo ni ya mchanganyiko: ifunge taratibu mpaka iguse, usilazimishe, halafu ifungue mizunguko miwili na nusu. Kubwa ndiyo ya silensa, iweke kwenye mizunguko 850 kwa dakika. Ile skrubu ya kwenye mkono wa kebo si ya silensa, usiiguse. Rudi kwenye ndogo, tafuta mahali mwendo unapokuwa wa juu kabisa, kisha ifunge polepole mpaka ushuke mizunguko 20 au 30. Malizia na kubwa, 850.

Turudie jaribio la waya. Namba 1: imezama. Namba 2: imezama. Tatu. Nne. Zote sawa.

Nimeweka sarafu juu ya bodi ya feni, imesimama kwa ukingo. Tazama, bado imesimama. Injini ikishapoa nitakagua nati za manifodi tena, gasketi mpya hulala kidogo zikipata moto. Baada ya kilomita 500 nitazifungua tapeti tena, asubuhi, ikiwa baridi, na nitawaonyesha zimehama kiasi gani.