Usonji: Kipimo Anacho Anayeishi na Mtoto

Ndugu wazazi, walimu na wahudumu wa afya mliofika hapa Masasi katikati ya msimu wa korosho, najua wengi mmeacha kazi shambani, kwa hiyo naanza na swali ninaloulizwa kuliko yote: kipimo cha usonji (autism), hali ya tofauti katika ukuaji wa mtoto, kinapatikana wapi? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouonyesha. Utambuzi hufanywa kwa kumtazama mtoto na kumhoji anayeishi naye, na mama anayeeleza vizuri anachokiona nyumbani ameshaleta sehemu kubwa ya kipimo chenyewe.

Mtaalamu hutafuta mambo mawili yanayokwenda pamoja tangu utotoni: ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, na mwenendo unaojirudiarudia au kung'ang'ania jambo moja. Niliwahi kukaa barazani na mtoto aliyepanga korosho ghafi mstari mmoja, mgongo wa kila moja ukielekea ukutani, na dada yake alipogeuza moja tu, alilia mpaka ikarudishwa. Hilo peke yake si usonji, kwani watoto wengi hupanga vitu. Kilichonishtua ni kwamba kwa saa nzima hakumwonyesha mama yake hata korosho moja. Kunyoosha kidole ili mwenzako naye aone, si ili upewe, kwa kawaida huwa kumeanza mtoto anapofika miezi 18.

Masikio nayo yapimwe mapema, maana asiyesikia pia haitiki akiitwa.

Chanjo ya surua haileti usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la tiba la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Wala mama hana kosa. (Mliopewa dawa za kuogesha na hirizi mnajua gharama yake, sitaongeza neno.)

Dawa ya kuondoa usonji haipo, ingawa kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watoto hawa, kina dawa zake. Kilichothibitika kusaidia ni kumfundisha mlezi kufuata anachokitazama mtoto, kusema maneno machache, kisha kungoja. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yanayoweza kuendeshwa hata na wasio wataalamu bingwa. Picha ambazo mtoto huzitumia kuonyesha anachotaka nazo hazimzuii kusema, ingawa wengi wanahofia hivyo. Kwa mtoto yule wa korosho tulianza na picha moja ya kikombe, tukaitundika kando ya mtungi, wiki kadhaa kabla hajaonwa na daktari bingwa.